Mwalimu Kinyume

Ukitaka kujua jinsi kufundisha mazoezi kunavyoweza kumgeuza mtu, panda naye teksi.

“Kata kulia pale kwenye duka la rangi,” atamwambia dereva, na papo hapo mkono wake utanyooka kuelekea kushoto, bila haya, kama kibao cha barabarani kilichogongwa na lori. Dereva naye ana masikio, atafuata neno. Mara wapo uchochoroni, mbele ukuta, nyuma mapipa ya taka, na paka juu ya ukuta anawatazama.

“Dada, si umesema kulia?”

“Ndiyo. Lakini kulia kwangu au kulia kwako?”

“Dada yangu! Wote wawili tumetazama mbele!”

Huyo ndiye Mwalimu Kinyume. Jina hilo alipewa na wanafunzi wake mwenyewe, tena kwa mapenzi, na kwa kuwa jina la utani ukilikataa ndipo linapokuganda, yeye aliitika tu.

Zamani alikuwa mpokea simu kwenye kampuni ya kusafirisha mizigo. Kutwa kitako, mkonga wa simu sikioni, “Halo, karibu, subiri nikuunganishe.” Watu walimjua kwa sauti, basi. Kuna mteja aliyekuwa akiongea naye kila juma, wakicheka na kutaniana, lakini siku alipofika ofisini mwenyewe alimpita kama anavyopita kabati. Mgongo ukaanza kumuuma kwa kukaa. Kaka yake, ambaye ndiye mwenye klabu ya mazoezi, akamwambia, “Njoo ujinyooshe, usije ukakauka kwenye kiti kama ndala juani.”

Klabu yenyewe iko ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Unapanda ngazi za saruji zilizolika kingo, na kabla hujafika juu unaanza kusikia: vyuma vinagongana, kamba inachapa sakafu, mtu anaguna kama anayesukuma gari lililokwama. Halafu harufu! Mpira wa mikeka, dawa ya kuchua, jasho la asubuhi. Upande mmoja kuna madirisha makubwa yanayotazama barabara, upande wa pili mlango, na kando ya mlango meza ya wifi. Wifi huyo, mke wa kaka, ndiye anayetunza funguo za makabati na habari za kila mtu. Funguo anazitoa ukiomba, ila habari anakupa hata kabla hujaomba.

Kitu kimoja tu kilikosekana pale: kioo. Kumbi nyingi za mazoezi zina kioo ukuta mzima, mwalimu anawapa watu mgongo, wote wanajiona humo. Kaka alinunua cha kwake, wakakipandisha watu wazima wanne, na kwenye kona ya ngazi kikagonga ukuta, pwaa! Hakuleta kingine. Kwa hiyo mwalimu wa klabu ile hana budi kuwatazama wanafunzi uso kwa uso.

Na hapo ndipo kinyume kilipozaliwa.

Asubuhi moja mwalimu wa darasa la akina mama alihama mji, bila hata kuaga vizuri. Wanawake wamekwisha kujipanga, raba zimefungwa, hakuna wa mbele. Kaka, mwenye mabega ambayo yamemeza shingo, anajua vyuma tu. Ukimwambia acheze na muziki utadhani kabati linashushwa ngazi. Akamshika dada yake mkono.

“Nisitiri leo tu.”

“Mimi? Mbele ya watu? Kaka, mimi ni mtu wa simu!”

“Basi wapigie simu. Ila usimame mbele.”

Akasimama. Muziki ukaanza. Akainua mkono mmoja juu, taratibu, kwa woga, kama anayeomba ruhusa ya kutoka darasani. Na jamani, mikono ya ukumbi mzima ikainuka! Akaushusha, ikashuka. Akapiga kofi, ukuta ukaitika. Mtu ambaye miaka yote alikuwa sauti isiyo na mwili, leo mwili wake unaongea na chumba kizima kinajibu! Damu ilimwenda mbio mpaka kwenye ncha za masikio. Alipomaliza hakumwuliza kaka chochote. Alisema, “Kesho saa ngapi?”

Lakini siku hiyo hiyo alikuwa amesema, “Mguu wa kulia!” akainua wake wa kulia, na darasa likavurugika, wengine wakifuata neno, wengine wakifuata mguu. Kaka akamweka kando.

“Sikiliza. Kioo kilivunjika, sasa kioo ni wewe. Mdomo wako uwe wa kwao, miguu yako iwe ya kiooni. Ukisema kulia, wewe nenda kushoto. Ukisema kushoto, nenda kulia.”

Akaenda kujifunza nyumbani, katikati ya kochi na televisheni, mumewe amesimama mbele yake kama darasa. Mume ni fundi bomba, mtu mpole, akirudi kazini amechoka lakini anainua magoti na mkewe huku kikombe cha chai kiko mkononi. Basi akajifunza, akajua, na likamwingia kwenye mifupa. Mazoea yana taabu. Likawa halitoki tena.

Siku moja mume yuko chini ya sinki, kichwa ndani, miguu nje. “Mke wangu, nimekatia maji koki ipi hapo juu? Ya kulia au ya kushoto?”

“Ya kulia.”

Akafungua bomba la kulia kwa uhakika kabisa. Maji yakampiga usoni kama yaliyolipwa. Akatoka amelowa chapachapa, anatafuta taulo kwa kupapasa. “Kulia kwa nani?”

“Kulia kwa mtu aliyesimama ukutani akikutazama,” mke akasema, na akasema kweli tupu, na ndiyo iliyomfanya mume akae sakafuni acheke mpaka ashike mbavu.

Kicheko kikakatika chama cha walimu wa mazoezi kilipotoa agizo: kila anayesimama mbele ya watu afanye mtihani. Asiyefaulu arudi kwenye mstari awe mwanafunzi kama wengine. Mwalimu Kinyume hakuwa na wasiwasi. Alijua viungo, alijua kupasha mwili joto, alijua goti bovu la nani halitaki kuchuchumaa.

Kumbe mtihani wa kwanza ulikuwa wa kupangwa mstarini, watahiniwa wote wakimfuata mwalimu mmoja aliyewapa mgongo. “Kulia!” akaita. Mstari mzima ukaenda kulia. Mtu mmoja akaenda kushoto, kwa tabasamu, kwa nguvu, kwa moyo wake wote, na paji la uso wake likakutana na kidevu cha jamaa mmoja wa ndondi. Jamaa wa ndondi ndiye aliyekaa chini!

Mkaguzi mkuu hakucheka. “Mwalimu asiyejua kulia na kushoto atavunja watu miguu,” alisema. “Nakupa nafasi moja tena. Mwezi ujao nitakuja klabuni kwenu, nikuone mbele ya darasa lako. Ukishindwa, hapo mbele ushuke.”

Alifika nyumbani, akatupa raba mlangoni. Mume akamwangalia uvimbe wa paji la uso, akalowesha kitambaa, akasema taratibu, “Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Wewe mke wangu umejikwaa vyote.”

“Usinichekeshe. Nikishuka pale mbele, narudi kuwa nani? Halo, karibu, subiri nikuunganishe?”

Mume akaacha utani. “Basi tukunyooshe.”

Wakaanza kazi! Soksi nyekundu mguu wa kulia, nyeupe wa kushoto, mchana kutwa. Mume akawa anamvizia. Anaosha vyombo, mume nyuma yake: “Kulia!” Anaruka kulia, povu hewani. Anapanda ngazi za klabu, wifi kutoka juu: “Kushoto!” Anakumbatia ukuta wa kushoto. Kaka naye akiwa amelala chini ya chuma, uso umewiva, anajikamua, “Ku… lia!” na dada anaruka. Wanafunzi, ambao mwezi huo kaka aliwapa vyuma vyepesi badala ya muziki, waliona sinema za bure, wakashangilia, bila kujua wanashangilia nini.

Na ikakubali. Siku moja ndani ya teksi akasema, “Kata kulia,” na mkono wake, wenyewe, ukanyooka kulia. Dereva akakata.

“Umeona?” akapiga kelele. “Umeona?”

“Nimeona nini, dada?”

“Nimesema kulia na mkono umekwenda kulia!”

Dereva akamtazama kwenye kioo kidogo, akaongeza mwendo kama mtu aliyebeba mgonjwa.

Nyumba nzima ilisherehekea. Hakuna hata mmoja, si yeye, si mume, si kaka mwenye klabu, si wifi anayejua yote, aliyekaa akafikiri. Walinyoosha upinde, wakasahau kwamba upinde ukinyooka haurushi mshale.

Siku ikafika. Wanawake wote walikuja, tena mapema, hata wale ambao mvua ikinyesha huwa wanasingizia wajukuu. Mstari wa mbele, katikati, alisimama Bibi Mshonaji, fundi cherehani mstaafu, mfupi, mwenye raba nyeupe mpya zilizolia nyi-nyi kila alipokanyaga. Hakuna anayemgusa mstari wa mbele. Alishapigania nafasi ile kwa kiwiko na kwa ulimi.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwanangu. Leo hatukuja mazoezini. Leo tumekuja vitani. Mtu mwenyewe ndiye yule?”

Alikuwa ndiye. Mkaguzi, mrefu, mkimya, traksuti imefungwa zipu mpaka kidevuni, filimbi shingoni. Wifi alimkaribisha kiti, maji, taulo, kabati, na ingewezekana angempa na klabu. Akakataa vyote, akaketi kwenye benchi la vyuma. “Anza,” alisema. Kaka alisimama karibu na spika akitokwa jasho jembamba, na hakuwa ameinua hata kilo.

Muziki ukalipuka. Mwanzo ulikwenda kama maji ya mfereji. Mabega juu, mabega chini. Shingo. Magoti. Wanafunzi wakaanza kuwaka mashavu, spika ikitetemesha sakafu, na Mwalimu Kinyume akasikia ile damu yake ikipanda, ile ya siku ya kwanza. Akasahau mkaguzi. Akapaza sauti ile ya simu, ambayo sasa ingeweza kusikika bila simu:

“Hatua pembeni! Kuliaaa!”

Naye akaenda kulia. Kulia kwake. Kulia kwa kweli kabisa, kulia kwa soksi nyekundu.

Lo! Wanafunzi walikuwa wamezoea kwamba neno lake na mguu wake ni ndugu mmoja. Leo ndugu wamegombana. Nusu ya darasa ikafuata sikio, nusu ikafuata jicho. Mabega yakagongana pu! Mama mwenye duka la viatu akamkanyaga jirani yake, jirani akamshika wa mbele ili asianguke, wa mbele akaenda na taulo ya mtu.

“Kushoto! Kushoto, jamani!” Ikawa mbaya zaidi. Sasa waliorudi walikutana na waliokuwa wakija.

“Mwalimu, kushoto kipi?”

“Nani ameniondolea raba?”

“Mama mkwe, samahani! Nilidhani ni ukuta!”

Muziki haujali, unaendelea. Mwalimu Kinyume amesimama katikati, mikono hewani, haiendi wala hairudi. Akatazama mguu wake wa kulia, akatazama wa kushoto, na ikawa kama anaiona yote miwili kwa mara ya kwanza. Kwenye benchi mkaguzi alikuwa ameshika filimbi, anaipeleka mdomoni. Kaka amefumba macho. Kila mtu ukumbini alijua filimbi hiyo ikilia, mwalimu wao anashuka.

Bibi Mshonaji akapiga mguu sakafuni, nyi!

“Wewe mtoto!” akafoka, sauti ikapita juu ya spika. “Hayo ya kulia na kushoto waachie wenye magari! Sisi tuambie tu: twende dirishani au twende mlangoni?”

Mwalimu akageuza kichwa, akaona madirisha, jua limejaa kwenye vioo. Akageuza upande wa pili, akaona mlango, na wifi amesimama hapo, mikono kifuani.

“Dirishani!”

Na wote wakaenda dirishani! Wote! Mwalimu, bibi, mama mwenye duka la viatu, mama mkwe na mkwewe, kama shuka moja inavyovutwa.

“Mlangoni!” Wakarudi, raba zikalia pamoja, chwi! Wifi akaruka kando kwa kudhani wanamjia yeye.

“Dirishani mara mbili! Dari!” Mikono juu. “Sakafu!” Wakachuchumaa, isipokuwa wenye magoti yao mabovu. “Mlangoni kwa wifi! Mpigieni makofi! Dirishani, pungieni barabara!” Na kweli huko chini mwenda kwa miguu mmoja aliinua macho, akaona dirisha zima la wanawake wanampungia, akapunga naye, akajikwaa.

Ukumbi ukawaka! Hakuna tena aliyekumbuka mtihani. Walikuwa wakicheka huku wanahema, wanahema huku wanaimba, na Mwalimu Kinyume akiruka mbele yao kama aliyefunguliwa kamba. Kaka alifumbua jicho moja, kisha la pili, kisha mguu wake ukaanza kupiga sakafu, na kabati lile lilipoanza kucheza hata vyuma viliyumba.

Filimbi ikalia.

Wakasimama. Kaka akazima muziki. Ukisikiliza ungesikia vifua tu.

“Wageuze,” mkaguzi alisema.

“Samahani?”

“Wageuze watazame ukuta wa nyuma. Nenda ukasimame huko, uwafundishe tena.”

Akatembea katikati yao mpaka ukuta wa nyuma, nao wakageuka kumtazama. Bibi Mshonaji akajikuta mstari wa mwisho kwa mara ya kwanza maishani, akasonya. Sasa kila kilichokuwa kulia kilikuwa kushoto. Lakini dirisha halikuhama. Mlango haukuhama.

“Dirishani!”

Kama shuka moja. Hata aliyetaka kukosea hakuona pa kukosea.

“Inatosha,” mkaguzi akasema, akasimama. “Na siku ukifundisha uwanjani, pasipo dirisha wala mlango?”

Mwalimu Kinyume akavuta pumzi. “Uwanjani kuna goli huku na goli kule.”

“Na gizani?”

“Mzee, gizani watu walale.”

Wanawake wakaangua kicheko, kisha wakakinyamazisha haraka, kila mmoja mkono mdomoni. Mkaguzi akaiachia filimbi ikaning'inia kifuani.

“Kulia na kushoto bado hujui,” alisema. Moyo wa mwalimu ukashuka mpaka kwenye raba. “Lakini nilikuja kuangalia kama watu wanaweza kukufuata bila kuumia. Mwanzoni waliumizana, na hilo nitalisema kwenye chama. Kisha nikaona kitu ambacho sijakiona kwenye ukumbi wowote.” Akakohoa kidogo. “Nimekaa kwenye lile benchi, na uliposema dirishani, mimi mwenyewe niliinuka. Mara mbili. Umefaulu. Hapo mbele ni pako.”

Kelele iliyopanda! Wifi akapiga vigelegele mpaka funguo zikadondoka. Kaka akambeba dada yake juu kama anavyobeba chuma, akamshusha, akambeba tena kwa kuwa mara moja haikutosha. Mwalimu Kinyume alicheka na kulia kwa pamoja, akitafuta simu ampigie mume, akaishika juu chini, mume upande wa pili akisikia makelele tu na kuuliza, “Halo? Umefaulu au mmeungua?”

“Mcheza kwao hutunzwa!” Bibi Mshonaji alikuwa akitangaza, akipita katikati ya watu kwa kiwiko kuelekea nafasi yake. Alipofika akageuka, mikono kiunoni. “Haya, furaha tumefurahi. Na sisi mazoezi yetu je? Huo ulikuwa mtihani wako, si darasa letu. Mimi bado sijatoka jasho.”

“Kweli!” akina mama wakadakia. “Tuanze upya!”

Mwalimu akafuta macho kwa kona ya fulana, akamwashiria kaka. Muziki ukaanza. Na mkaguzi, aliyekuwa amekwisha kufika mlangoni, akasimama, akavuta zipu kutoka kidevuni mpaka chini, akavua koti la traksuti na kumkabidhi wifi. Akaja kwa hatua za adabu, akasimama mstari wa mbele, kando ya Bibi Mshonaji.

Bibi akampima kutoka viatuni mpaka kwenye filimbi.

“Mgeni,” akamwambia, “nyuma kuna nafasi. Huku mbele kuna wenyewe.”

Mkaguzi akaenda nyuma.